Mbona Nasikika Hivi? Kutafuta Chanzo Pale Sauti Yako Inapokushangaza kwenye Rekodi

Kazi yangu ni kusafisha rekodi za watu: mahojiano, masomo, hotuba, matangazo. Lalamiko ninalolipata kuliko yote halihusu kelele wala mwangwi. Mtu anavaa hedifoni, anasikiliza sekunde kumi, anazivua na kusema, "Huyu si mimi. Hebu angalia mashine yako." Nimeiangalia mashine mara nyingi mno kwa ajili ya maneno hayo, na mara nyingi haikuwa na kosa lolote. Lakini si mara zote. Kuna siku mlalamikaji alikuwa na haki na mimi ndiye niliyekosea mpangilio wa faili. Na kuna siku tatizo lilikuwa ndani ya sikio la mtu, likahitaji daktari, si fundi.

Kwa hiyo usikimbilie kununua maikrofoni mpya, wala usikimbilie kujichukia. Jua kwanza lalamiko lako ni la aina gani.

Kwanza, rekodi watu wawili

Chagua sentensi mbili tatu zinazochukua kama sekunde 20 kuzisoma. Shika simu shibiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, usome kwa sauti yako ya kila siku. Kisha mpe simu mtu anayekufahamu vizuri asome maneno yaleyale, mahali palepale, kwa umbali uleule. Sikilizeni zote mbili kwa hedifoni zilezile, mkipokezana.

Mara nyingi mtaishia hapa: wewe unasema sauti yake ni ileile unayoijua, yeye anasema yako ni ileile anayoijua, na kila mmoja anaikataa ya kwake. Hapo hakuna kilichoharibika. Soma sehemu inayofuata. Mkikubaliana kwamba nyote wawili mmeharibika, chanzo ni chumba, kifaa au faili, na unaweza kuruka hadi kwenye mambo ya mashine. Lakini akikuambia, bila wewe kumshawishi, kwamba yake iko sawa na yako imebadilika, basi ama unakaa vibaya mbele ya maikrofoni, ama kuna kitu mwilini. Vyovyote itakavyokuwa, usiifute rekodi hiyo. Iandike tarehe. Nitaihitaji mwishoni.

Dalili: wengine wote wako sawa, ni mimi tu niliyebadilika

Maneno ninayoyasikia ni yaleyale: nasikika kama mtoto, nasikika mwembamba, nasikika kama sina kifua. Wote wanalalamikia kitu kimoja, nacho ni uzito uliopotea.

Uzito huo haukupotea. Haukuwahi kutoka nje. Unapozungumza unajisikia kwa njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni hewa: sauti inatoka mdomoni, inazunguka mashavu na kuingia masikioni. Kwa njia hiyo ndivyo watu wengine wanavyokusikia. Ya pili haipiti hewani kabisa. Mtetemo unapanda kutoka kooni, unapita kwenye taya, kwenye nyama na mifupa ya fuvu, na kulitikisa moja kwa moja sikio la ndani, kile kijirija kilichojiviringa kama konokono kinachogeuza mtetemo kuwa habari za ubongo. Georg von Békésy, mwanasayansi aliyezaliwa Budapest na ambaye mwaka 1961 alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake juu ya sikio hilo la ndani, alichapisha mwaka 1949 vipimo vya jambo hili. Alikuta kwamba njia ya mifupa na njia ya hewa zinakaribiana kwa nguvu. Yaani karibu nusu ya kitu unachokiita "sauti yangu" hakijawahi kusikiwa na mtu mwingine yeyote.

Mwili hupitisha mitetemo mizito vizuri kuliko ile myembamba, ndiyo maana ndani ya kichwa chako una besi nzuri. Maikrofoni haina fuvu. Inachukua kilichotoka mdomoni tu.

Huna haja ya kuniamini. Jaribu sasa hivi. Ziba masikio yote mawili kwa vidole useme "aaa" kwa sauti ya kawaida. Kama sauti yako ingekuwa inakufikia kwa hewa peke yake, ingefifia. Badala yake inavimba na kunguruma, kwa sababu mtetemo uliokuwa ukivuja kupitia tundu la sikio sasa umefungiwa ndani. Hiyo ndiyo nusu ya siri. Sasa ondoa vidole, chukua vitabu viwili vyenye jalada gumu, uvisimamishe kwenye mashavu mbele tu ya masikio, kimoja kila upande, kama ukuta kati ya mdomo na sikio. Zungumza. Sauti inayokuja moja kwa moja kutoka mdomoni imezuiwa, na unachosikia zaidi ni ile iliyokwenda hadi ukutani ikarudi. Wengi hushtuka hapo, kwa sababu ndiye yule mtu wa kwenye rekodi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo huwa hayatajwi, na kwa maoni yangu yanachangia mshtuko kuliko watu wanavyodhani. Moja ni mwelekeo. Mitetemo mizito ikitoka mdomoni husambaa pande zote, lakini ile myembamba, ya herufi kama s, f na ch, huenda mbele kama mwanga wa tochi. Masikio yako yako nyuma ya tochi. Mtu aliyekaa mbele yako, na maikrofoni iliyo mbele yako, wanapata makali ambayo wewe hujawahi kuyapata. Kwa hiyo rekodi imepungukiwa besi na papo hapo imezidi ukali, pande zote mbili kwa wakati mmoja.

La pili ni kwamba mwili wako hujikinga na sauti yako mwenyewe. Ndani ya sikio la kati kuna msuli unaovuta mfupa mdogo uitwao kikuku. Ndio msuli mdogo kuliko yote inayoshikilia mifupa ya mwili wa binadamu. Unapozungumza unajikaza na kupunguza sauti inayoingia, na ubongo nao, kwa kuwa umeagiza maneno hayo wenyewe, hauyapokei kwa uzito wa maneno ya mgeni. Unapokaa kimya kusikiliza rekodi, walinzi hao wote wamelala. Unajisikia kama unavyomsikia mtu uliyekutana naye leo.

Dawa yake? Kwa upande wa mashine, hakuna. Wateja huniomba niongeze besi. Huwa naongeza, napunguza na ukali wa juu kidogo, wanatabasamu: "Sasa huyu ndiye mimi." Halafu namwita mtu wa tatu, namwekea zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Hadi leo sijapata aliyechagua ile ya pili. Kwa masikio ya wengine, ile "sauti yako halisi" ni ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Lakini tuwe waangalifu hapa, maana wapo wanaokwenda upande wa pili na kusema rekodi ndiyo ukweli mtupu. Si kweli. Rekodi ni kile walichosikia wengine, baada ya kupita kwenye maikrofoni fulani, chumba fulani na spika fulani, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuongopa. Ndiyo maana mwongozo huu una sehemu ya pili.

Dalili: nimeelewa yote hayo, na bado siipendi

Hili si suala la besi tena. Wanasaikolojia wa Marekani Philip Holzman na Clyde Rousey walilichunguza mwaka 1966. Walichokiona ni kwamba kinachomsumbua mtu si tofauti ya uzito peke yake. Ni mambo aliyoyatoa bila kukusudia: wasiwasi, uchovu, hasira aliyodhani ameificha. Tunapozungumza tunafuatilia maana ya maneno yetu. Rekodi inaturudishia mengine yote.

Mwaka uliofuata wakachunguza watu wa lugha mbili, waliojifunza lugha ya pili baada ya umri wa miaka 16. Walipojisikia katika lugha yao ya kwanza walisumbuka zaidi kuliko katika ile ya kujifunza ukubwani. Kama unaishi katika lugha mbili, jirekodi ukisimulia jambo lilelile kwa zote mbili uone. Huenda ukagundua kwamba sauti unayoichukia ina lugha yake.

Kuna pia utafiti wa Susan Hughes na Marissa Harrison wa mwaka 2013 ninaoupenda sana. Watu walipewa sauti mbalimbali wazipime zinavutia kiasi gani, na ya kila mmoja ikachanganywa humo bila kuambiwa. Watu waliipa sauti yao alama za juu kuliko walizoipa wengine. Masikio hayakuwa na ugomvi nayo, basi. Ugomvi huanza pale unapojua ni ya nani.

Ninachowashauri wanaolazimika kujisikiliza, kwa mfano walimu wanaorekodi masomo, ni kusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza acha aibu ipite, usiandike kitu. Mara ya pili fuata maneno kama unafuata ya mtu mwingine. Mara ya tatu shika kalamu, uhesabu. "Yaani" ngapi? "Kwa hiyo" ngapi? Umeimeza silabi ya mwisho mara ngapi? Pumzi imekwisha wapi? Andika vitu vinavyoweza kuhesabika tu. "Ninakera" si kipimo. "Nimeshusha sauti kila mwisho wa sentensi hadi haisikiki" ni kipimo, na kinarekebishika kesho asubuhi.

Baada ya hapo ni mazoea. Watangazaji hawakuzaliwa na masikio tofauti na yako. Wamejisikiliza mno hadi aibu yenyewe imechoka.

Dalili: nasikika kama mama, kama kaka, kama binamu

Hili hujibiwa haraka. Ndugu hurithi maumbo yanayofanana ya koo, taya na paa la kinywa, na hujifunza kusema kwa kusikilizana. Wewe hukuwa ukisikia mfanano huo kwa sababu fuvu lako lilikuwa likiongeza cha kwako juu. Waliokuwa wakipiga simu na kukuchanganya na ndugu yako walikuwa wameusikia zamani.

Sasa mashine: nyote wawili mmeharibika

*Kama tunaongea ndani ya pipa.* Maikrofoni iko mbali. Kila unapoongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), lakini ile inayodunda ukutani na kwenye dari haipungui hivyo. Ukitoka sentimita 20 ukaenda 80, umepoteza desibeli 12 za sauti yako na chumba kimebaki na nguvu zake zote. Hakuna programu inayofuta chumba vizuri kama kusogea karibu. Kisha tafuta mahali penye vitu laini: mapazia, godoro, nguo zilizotundikwa. Kabati la nguo lililojaa ni studio nzuri kuliko sebule yenye vigae, ingawa utatoka jasho. Na kama umeweka simu juu ya meza tupu, sauti inagonga meza na kuifikia maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo, inajichanganya na ile ya kwanza na kukata baadhi ya mitetemo. Matokeo yake ni sauti tupu, kama ya ndani ya bomba. Tandika kitambaa kinene au inyanyue simu.

*Nzito kupita kiasi, kama ya mtangazaji wa filamu.* Kinyume chake. Maikrofoni zinazosikia upande mmoja huongeza besi kadiri unavyozikaribia. Rudi nyuma hadi shibiri. Wako wanaoifanya makusudi. Hilo ni lao.

*Nyembamba, lakini kwenye simu tu.* Simu za mfumo wa zamani hupitisha sauti kuanzia hertzi 300 hadi 3400, yaani mitetemo 300 hadi 3400 kwa sekunde. Sasa nyuzi za sauti za mwanamume hutetemeka karibu mara 120 kwa sekunde, za mwanamke karibu 200. Mzizi wenyewe wa sauti yako haupiti kwenye simu hizo. Anayekusikiliza bado anajua kama una sauti nene kwa sababu ubongo wake unaujenga upya mzizi huo kutokana na matawi yaliyopita. Juu huko, s na f nazo zimekatwa, ndiyo maana tunataja herufi mojamoja tukisoma majina kwenye simu. Spika ndogo ya simu nayo haina besi hata faili likiwa zuri. Kabla hujailaumu rekodi, isikilize kwa hedifoni.

*Ilikuwa nzuri, nilipovaa hedifoni za Bluetooth ikawa mbovu.* Nyingi ya hizo, zikitakiwa kucheza muziki tu, hutumia njia moja ya mawasiliano. Maikrofoni yake ikiwashwa, huhamia njia nyingine ya mazungumzo ambayo ina nafasi finyu zaidi. Hapo unachosikia na unachorekodi vyote vinashuka daraja. Rekodi kwa maikrofoni ya simu yenyewe, au kwa waya.

*Kama niko chini ya maji, na mwisho wa maneno unapotea.* Kuna kitu kinafuta kelele na kinakufuta na wewe. Mara nyingi ni vitatu kwa pamoja: simu inafuta, programu ya mkutano inafuta tena, halafu mhariri kama mimi naye anafuta kwa mara ya tatu. Kila hatua inakisia kipi ni kelele, na sauti laini, kama pumzi na irabu zinazofifia, ndizo zinazodhaniwa kelele. Zima zote ubakize moja. Kama programu ina mpangilio wa "sauti asilia" au wa muziki, jaribu huo ukiwa mahali tulivu.

*Inapasuka.* Kiwango cha kurekodi kiko juu na vilele vya mawimbi vimekatwa vichwa. Kilichokatwa hakirudi, ukipunguza sauti baadaye utakuwa na mpasuko wa chini chini. Rekodi upya, ukiacha vilele vifike kama desibeli 12 chini ya kikomo. Kama inapasuka kwenye neno moja moja tu, na neno hilo lina p, huo ni upepo. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "papa, papa", halafu "baba, baba". P inakupuliza, b yetu haipulizi, kwa sababu waswahili wengi huitamka kwa kuivuta hewa kidogo ndani. (Kimvita hutofautisha paa mnyama na paa la nyumba kwa upepo huohuo: wa porini hupuliza, la nyumba halipulizi.) Kwa hiyo usisogeze maikrofoni mbali na kupoteza sauti yote kwa sababu ya herufi moja. Ihamishe pembeni, iuelekee mdomo kutoka kwenye kona, upepo upite mbele yake.

*Nasikika kama ninagombana.* Sikiliza ulikuwa wapi. Mtu aliye kwenye kelele hupaza sauti bila kujua, jambo lililoelezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911. Na haiongezeki nguvu tu. Inapanda pia, na irabu zinavutika. Ukipunguza sauti kwenye faili, ugomvi unabaki. Kinyume chake hutokea ukirekodi ukiwa umeziba masikio kwa hedifoni za kuchomeka: unanguruma ndani ya kichwa chako, unadhani unatosha, na kwenye rekodi unanong'ona. Vua upande mmoja.

Dalili: naongea polepole kama mlevi, au haraka kama katuni

Hii naipa sehemu yake kwa sababu ndiyo iliyoniumbua. Rekodi ya kidijitali ni vipimo vya mawimbi vinavyochukuliwa maelfu ya mara kwa sekunde. Viwango viwili vinavyotumika zaidi ni 44,100 na 48,000. Faili likirekodiwa kwa 48,000 na programu ikadhani ni 44,100, linachezwa polepole: dakika 1 inakuwa kama sekunde 65, na sauti inashuka nusutoni moja na nusu hivi (nusutoni ni hatua kati ya kibonye kimoja cha piano na kinachofuata). Si tofauti kubwa kiasi cha kuchekesha. Ni kiasi cha kumfanya mtu aseme, "Huyu si mimi," na wewe fundi ukamjibu kwa maringo kuhusu mifupa ya fuvu. Nilimjibu hivyo. Alikuwa na haki.

Kipimo chake ni saa. Kama unajua mazungumzo yalichukua dakika 10, angalia urefu wa faili. Usilinyooshe kwa programu ya kubadilisha kasi. Rudi ulipoliingiza faili, urekebishe kiwango.

Angalau niko pamoja na watu wakubwa. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alibuni kifaa cha kuchora sauti kwenye karatasi yenye masizi, akakipatia hataza mwaka 1857, miaka 20 kabla ya Mmarekani Thomas Edison kuunda mashine yake ya kurekodi na kucheza sauti. Hakukusudia michoro hiyo isikike tena. Ilikuwa ya kutazamwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliigeuza kuwa sauti, wakapata wimbo mfupi uliorekodiwa Aprili 1860, na waliousikia wakadhani ni msichana anaimba. Baadaye ikagundulika kwamba walikuwa wameucheza kwa kasi kubwa mno. Ulipopunguzwa, akatokea mwanamume anayeimba taratibu, na inaaminika ni Scott mwenyewe.

Dalili: ipo kwenye hedifoni, ikichezwa kwenye simu inayeyuka

Rekodi ina njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na moja imegeuzwa: inasukuma pale nyingine inapovuta. Kwenye hedifoni kila sikio lina yake, hivyo unasikia sauti pana ya ajabu ajabu isiyo na kati. Spika moja ikizijumlisha, zinafutana. Futa njia moja, ibaki nyingine. Sauti ya mtu mmoja haihitaji njia mbili hata hivyo.

Dalili: nashindwa kuongea kwa sababu najisikia nikirudiwa

Sauti yako inakurudia baada ya kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na ulimi unajikwaa kama wa mtu mwenye kigugumizi. Si woga. Ubongo unategemea kusikia neno lilipotamkwa, likichelewa, unasita. Wajapani Kazutaka Kurihara na Koji Tsukada walitengeneza kifaa cha kuwanyamazisha watu kwa mbinu hiyo, wakapata tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2012. Mkutanoni, mwombe mwenye spika wazi avae hedifoni: mara nyingi sauti yako inatoka kwake na kurudi kupitia maikrofoni yake. Ukiwa unajirekodi kwenye kompyuta, zima kujisikiliza kupitia programu.

Pale yako peke yake ndiyo iliyobadilika

Kama ni king'ong'o, jiulize ni cha aina ipi. Bana pua useme, "Babu alipoteza kofia." Hakuna herufi ya puani hapo, kwa hiyo kubana hakupaswi kubadili kitu, kukibadili, hewa inavuja puani pasipostahili. Kisha, ukiwa umebana, sema, "Mama anamwona nyani mnene." Hii lazima ikwame. Ikiwa haina tofauti na ulivyoisema bila kubana, pua ilikuwa imeziba tangu mwanzo, kwa mafua au mzio, na huenda dawa ni kusubiri. Ukifaulu yote mawili, rudi kwenye maelezo ya spika ya simu hapo juu.

Kupwelewa na sauti baada ya kushangilia au baada ya mafua hupita. Kukizidi wiki 3 bila kupungua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi za sauti, hasa kama unavuta sigara. Usingoje kabisa ikiwa kuna shida ya kumeza, ya kupumua, au damu.

Na kuna lalamiko lililogeuzwa juu chini: rekodi iko sawa, ila mtu anapozungumza sauti yake inamngurumia ndani ya sikio hadi inamchosha. Nta iliyoziba tundu la sikio hufanya hivyo, na ni rahisi kuondolewa, ila si kwa kijiti. Mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua nao ukikaa wazi badala ya kufungika, mtu husikia sauti yake na hata pumzi zake. Huwapata baadhi ya waliopungua uzito ghafla, na mara nyingi hutulia wakilala chali. Kisa cha ajabu zaidi kilielezwa mwaka 1998 na daktari Lloyd Minor na wenzake: tundu dogo kwenye mfupa unaofunika mfereji wa sikio la ndani unaosaidia mwili kukaa sawa bila kuyumba. Wenye tundu hilo huweza kusikia mapigo ya moyo wao, wengine hata macho yao yakigeuka, na sauti kubwa huwapa kizunguzungu. Yule niliyesema mwanzoni kwamba tatizo lilikuwa ndani ya sikio lake aliniambia anasikia hatua zake kichwani akitembea. Nilizima mashine nikamwambia akamwone daktari.

Ukienda huko, chukua ile rekodi ya sekunde 20 uliyoiandika tarehe. Kabla hujatoka nyumbani rekodi nyingine, sentensi zilezile, simu ileile, shibiri moja. Mpelekee zote mbili, na usizipitishe kwenye programu yoyote ya kusafisha.